Njema, Ila

Corner Brook, Februari. Mvua inaganda ikingali njiani.
Nyaya zimevaa barafu nene kama kidole gumba
nami nimechuchumaa chini ya ngazi za maktaba
mbele ya kisanduku cheusi,
kizito kama mfuko wa saruji uliobaki nusu.
Kazi yake ni moja: umeme ukikatika, kishikilie.

Kishikilie seva ya Linux
yenye picha elfu thelathini za mji huu:
foleni ya zamu kwenye lango la kiwanda cha karatasi,
harusi za watu ambao Bi Doreen Snook
anawataja kwa majina, wao na mbwa wao.

Jumatatu umeme ulikatika saa tisa na dakika sita za usiku.
Asubuhi nikasoma kumbukumbu za mashine, mstari kwa mstari.
Asilimia mia, salama.
Tisini na moja, salama.
Sabini. Salama.
Arobaini na tatu, salama

kisha weupe.
Hakuna kwaheri. Hakuna hata nusu ya neno.
Diski moja iliamka ikikwaruza kama kuku jalalani.

Kiwandani walikiwekea kizingiti cha asilimia kumi:
hapo ndipo kipige yowe,
seva ikunje mafaili yake, ilale kwa heshima.
Lakini betri ina miaka sita.
Kumi yake haipo tena.
Inashuka ngazi vizuri hadi arobaini na kitu,
halafu ngazi zinakwisha.

Nikacheka peke yangu mle chini.
Kisanduku hiki ni mtu wa kwetu!
Kwetu Same simu ikipokelewa:
habari za huko? Njema.
Watoto? Hawajambo.
Mvua? Tunamshukuru Mungu.
Nyumbani kwema? Kwema kabisa.
Ila,
na humo ndani ya hiyo ila
paa limeezuliwa, mahindi yamekauka,
shangazi amezikwa tangu Alhamisi.

Dada yangu Namkunda alinijibu njema mwaka mzima.
Ila yake ilikuja kwa sauti ya jirani.

Basi nafungua faili la mipangilio.
Mistari miwili tu, vidole vina baridi, nakosea herufi, nafuta.
Wa kwanza: usingoje kifaa kijililie chenyewe.
Wa pili: hesabu wewe; ikifika sitini, hiyo ndiyo ila.

"Sitini?" Bi Doreen ameshuka na chai,
mkono mmoja kikombe, mwingine umeng'ang'ania reli.
"Zaidi ya nusu unaitupa. Huo si uoga?"
Namuuliza, goti linasemaje?
"Safi," anasema. "Safi kabisa."
Anasimama kwanza apate pumzi
kabla ya ngazi ya mwisho.
Namsogezea kiti. Anakitazama kama tusi.
Anakaa.

Nang'oa plagi ukutani.
Kisanduku kinalia mara moja, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.
Tisini. Themanini na mbili.
Tunakunywa chai. Ananiambia babake alikuwa zamu ya usiku,
hakuwahi kukosa siku, akafia getini, kadi mkononi.
Sabini na moja. Sitini na nne.
Sitini.
Seva inasema: nafunga. Inahesabu huduma zake moja moja,
inaziaga, inazima taa ya mwisho,
na betri imebakiwa na dakika zake nne au tano
ambazo hakuna atakayezihitaji.
Utajiri wa ajabu, ule.

Rekebisho lilichukua dakika kumi na tano.
Betri mpya tumeagiza. Meli imechelewa kwa barafu.

Usiku nikampigia mpwa wangu Elinihaki.
Kule wako mbele yetu kwa saa sita na nusu,
jogoo alikuwa keshaanza.
"Shikamoo mjomba. Habari za Kanada?"
Nje tawi lilivunjika kwa uzito wa barafu.
Nikanyamaza kidogo, nikatafuta mahali pa kuanzia.

Ila, nikasema.