Ukurasa wa Yu

Kushiro, Februari. Baa ya Bi Tokiwa ina viti saba
na kitabu cha nyimbo kinene kama tofali,
jalada limeshikizwa kwa plasta ya jeraha.
Mzee Kuramochi hafungui kwingine,
moja kwa moja kwenye yu.
Yuki, theluji. Yume, ndoto. Yugure, magharibi ikiingia.
Mkewe, Yukie, aliapa kuziimba zote
zianzazo kama jina lake,
kila Alhamisi mmoja, akiutia alama ya penseli.

Alama ni hamsini na tatu.
Wa hamsini na nne hauna.

Mzee hana sauti, tangu ujana hana.
Anauagiza huo. Ala zinalia zenyewe,
maneno yanapita kwenye kioo yakigeuka rangi
bila wa kuyafuata,
kipaza sauti kimelazwa kwenye kiti cha saba.

Mimi nasuuza bilauri. Sisemi kitu,
Kijapani changu ni cha karibu na ahsante.
Ila kwetu yu si silabi tupu:
yu macho, twasema. Yu njiani.
Yu hai.

Wimbo ukaisha. Akachukua penseli,
akailamba ncha,
akairudisha mfukoni.