Vidonda vya Unga

Vidonda nilivitengeneza mimi.
Unga wa muhogo, maji ya vuguvugu, tone la mawese,
rangi ya midomo ya dada yangu, ile iliyokatika kichwa.
Nikaubandika uji huo kwenye shavu la Akonkwa
hadi likafanana na barabara ya Cahi baada ya mvua.
Alikuwa anacheka. Nikamwambia: usicheke, utapasuka.
Walitulipa dola kumi na tano, sisi wawili,
na soda mojamoja.

Jumamosi jioni shuka jeupe likatundikwa
kwenye ukuta wa depo ya bia, chini ya soko la Kadutu.
Ukuta mwingine mpana haukupatikana.
Jenereta ikakohoa, ikakataa, ikakubali,
na Akonkwa akatokea, mkubwa kuliko nyumba:
kichupa cha gundi puani, sapilo mfukoni,
kisha chali mtaroni, macho wazi,
na nzi. Nzi walikuwa wa kweli, hao hatukuwalipa.

Sauti ya mwanamume aliyeshiba ikatamka:
Ukionja, umekwisha.

Bwana wa mradi alikuwa amenipa karatasi ya visanduku:
Wameshtuka sana. Wameshtuka kidogo. Hawakushtuka.
Nihesabu vichwa, nitie alama.

Nilianza vizuri.
Muuza makayabo alipiga yowe, akafunika
beseni la samaki, si macho yake. Sana.
Wanafunzi wenye sare walicheka kile kicheko cha kusukumana,
mmoja akaenda pembeni kutapika,
akarudi kucheka. Kidogo?
Mlevi akamwambia mwenzake, "Huyo ni weye,"
mwenzake akakana: "Miye sina shati muzuri vile."
Mchungaji alisema amina kabla picha haijafika mwisho.

Lakini M'Birindwa.
M'Birindwa aliipa picha kisogo.
Alitutazama sisi, uso baada ya uso, safu baada ya safu,
mwanga wa maiti ya Akonkwa ukimsaidia
kumtafuta mtoto wake aliyetoka nyumbani tangu Pasaka.
Kalamu yangu ikakaa hewani.
Alipofika kwangu aliniruka haraka, kama mtu anayepekua mitumba.

Mbele kabisa, juu ya kokoto, walikaa maibobo,
mikono ya makoti imening'inia kupita vidole,
gundi yao imelala humo ndani.
Waliitazama picha jinsi fundi anavyotazama
meza iliyochongwa na fundi mwingine.
"Hawashikake chupa vile."
"Na amekufa na viatu?"
"Kwetu mutu akikufa, viatu havilalake naye."
Niliandika neno, nikalifuta, karatasi ikatoboka.

Picha ilirudiwa mara tatu.
Mara ya tatu soko zima lilisema na ile sauti, umekwisha,
na mtoto wa miaka kama minne
akajiangusha chali, akatoa ulimi, akapigiwa makofi.

Tangu siku hiyo, muuza mikate wa Nyawera
hapokei noti kutoka mkononi mwa Akonkwa.
Aiweke mezani, arudi nyuma hatua mbili.
Akonkwa, asiyekunywa hata kasiksi,
ameacha kupita njia hiyo asubuhi.

Ila ninachotaka kusema kilitokea usiku uleule,
nikikunja shuka, jenereta ikipoa.
Mmoja wa wale wa kokoto alinisimamia karibu.
Harufu yake ilitangulia, kisha sauti, nyembamba, ya adabu.
"Mama, ile kidonda ulitengeneza na nini?"
"Unga."
"Unga ya bugali?"
"Ya bugali."
Akafikiri. Chini, ziwani, taa ya mtumbwi ilizimika, ikawaka.
"Ilibakia?"

Ilikuwa imebaki, nusu kopo la maziwa,
nilishaichanganya na wekundu.
Nikamwonyesha, nikamwambia: hii ina rangi, ona.
Akalipokea kwa mikono miwili.
"Rangi inakufaka mu moto," akasema.