Nafasi ya Nane Ukutani

Ukuta una majina saba, yote ya mkono wangu,
mia tano kwa kila herufi.
Chini yake nimepiga mistari miwili ya penseli,
nimekaa juu ya kopo la rangi, nasubiri.

Kamati ya Reli Bahi imeketi tangu saa nne
kuamua kama Ndahani Mwaluko, winga wa kushoto,
apande ukutani
au aendelee kubaki vinywani.

"Alikuwa mzuri," anasema Chiwanga, katibu.
"Mzuri sana, nani kabisha?
Lakini wazuri tunao hadi gengeni.
Ukuta huu ni wa magwiji."
Anafungua daftari la jalada la kaki:
misimu tisa, mabao hamsini na tisa.
Kati ya wale saba hakuna aliye chini ya sitini.

"Bao moja!" Nyendo anajipiga paja.
Ndiye aliyewafulia jezi, miaka ile ya sabuni ya mgawo.
"Mnahesabu mabao kama watoza ushuru wa mpunga!
Krosi je? Hizo nani kaziandika?
Na mabeki waliorudi kwao Kintinku
wakiulizana yule mtu alipitia wapi?"

Masima, kipa wa zamani wa Manyoni, kaitwa kama shahidi.
"Nilimwogopa mwaka mmoja. Miwili, tuseme.
Kisha nikamzoea, kama upepo wa Agosti:
unakupiga, lakini unajua unatokea wapi."
Wanacheka.
Halafu hawacheki.

"Alikwenda Dar kujaribiwa, siku ya nne karudi."
"Alirudi kuvuna."
"Wenzake hawakurudi kuvuna."
"Ndiyo, na mpunga wao ukaliwa na kweleakwelea!"

Ng'ambo ya reli mashine ya kukoboa inanguruma.
Anayeiendesha ni yeye.
Nimeona kitu: kila sauti zikipanda huku,
kule mkanda unateleza, mashine inanyamaza kidogo,
kisha inawaka tena.

"Na lile la Manyoni?" anauliza Nyendo.

Lile la Manyoni kila mtu analo lake.
Nyavu hazikuwapo, ni miti miwili ya mgunga na kamba juu.
Vumbi likainuka, uwanja ukapotea,
mwamuzi akapuliza filimbi, akakimbilia treni.
Daftari linasema HALIKUKUBALIWA,
na mbele yake kuna alama ya kuuliza
ambayo Chiwanga anaapa hakuiweka yeye.

Mpaka rangi hamna anayemuuliza chochote.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nyuma ya goli,
kazi yangu kuokota mipira.
Ule sikuuokota. Ulinigonga hapa, ubavuni,
nikakaa chini.
Nilikuwa hatua moja nje ya mlingoti.
Au mlingoti ndio uliokuwa umeinama,
maana sisi watoto tuliuegemea tangu asubuhi.

"Tutarudi baada ya mavuno," anafunga mwenyekiti,
kama alivyofunga mwaka jana,
na mwaka juzi.

Jioni Ndahani anavuka reli, pumba kwenye nyusi.
Goti la kulia linamtangulia, la kushoto linafikiria.
"Fundi, rangi imebaki?"
Anataka mlango wa mashine uandikwe:
KUKOBOA DEBE SH. 800.
Namwandikia. Sijui mkono uliamua lini,
ila nilipomaliza, herufi zilikuwa na kimo kile kile
cha zile za ukutani.

Anazitazama kwa muda mrefu. Anasema ya nane imekaa vizuri.
Ananilipa kwa noti yenye vumbi la mpunga, anaondoka,
anafika relini, anasimama.

"Lile la Manyoni," anasema, macho kwenye mataruma,
"leo wamelihesabu?"

Brashi ikadondosha tone jeupe kwenye kiatu changu.
Nikajikuta nashika ubavu.