Jozi Moja

Miaka mitatu tulinunua viatu pamoja,
mimi na Mejumaa,
kwenye marundo ya Kongowea, Jumanne, mzigo ukifunguliwa.
Namba thelathini na tisa, sote wawili.
Mimi cha kulia, yeye cha kushoto.
Muuzaji alitushangaa mara ya kwanza.
Mejumaa akamwambia:
"Sisi wake wenza, mume tumemgawana katikati."
Mia mbili yangu, mia mbili yake,
tukarudi Mtopanga kwa magongo,
na ukituona kwa nyuma, kwa mbali,
ungesema ni mtu mmoja mpana, anachechemea.

Wangu ulikwenda Shimanzi, ghalani,
gari la kunyanyulia mizigo liliporudi nyuma bila honi.
Wake ulikwenda polepole:
msumari, kidonda kidogo,
sukari ikakifanyia karamu
hadi daktari akasema hapa, akachora mstari kwa kalamu.
Msumeno haukuuliza nani anafanya kazi wapi.
Aliyeuliza ni karani.

Kampuni ilikuwa na bima.
Kesi ikaenda, ikarudi, ikalala, ikaamka,
mwaka wa tatu nikaitwa kupimwa kisiki kwa plasta.
Nikapewa mguu wenye goti linalokunjika,
na soksi zake, na dhamana ya miaka miwili,
na mwalimu wa kunifundisha kutembea, Jumatatu na Alhamisi.

Mejumaa alikuwa akiuza mahamri mlangoni kwake.
Mahamri hayana bima.
Yeye alipewa fomu.
Fomu ikataka barua, barua ikataka muhuri,
muhuri ukataka kadi,
kadi ikataka apande ghorofa ya pili
akathibitishe kwamba hana mguu.
Akapanda. Kwa makalio, ngazi baada ya ngazi,
buibui lake likawafagilia jumba lote,
na kule juu akaambiwa:
mashine ya picha imeharibika, mama, rudi Alhamisi.

Halafu yakaja magari, na hema, na vipaza sauti,
na viti vya magurudumu kumi na viwili,
vyote vya kipimo kimoja kama sare za shule,
jina la mfadhili mgongoni kwa rangi nyekundu.
Mejumaa alipata.
Kiti kikazidi mlango wake kwa vidole vitatu.
Sasa kuku wake hutagia humo, nje, chini ya turubai.
"Hawa ndio walemavu wenye bahati," husema,
akitoa yai chini ya jina la mheshimiwa.

Nami natembea.
Wiki za kwanza niliona haya kupita kwake,
nikawa nazungukia nyuma, kwenye choo cha akina Dzombo,
hata siku moja akaniita kwa sauti ya mtaa mzima:
"We Nyevu! Mguu huo wamekuuzia pamoja na njia yake?"

Usiku ule tulifunga mlango, tukaujaribu.
Nilimvua mdoli, nikamvika yeye.
Mguu wa kushoto haukubali kuwa wa kulia,
kisiki chake kikazama ndani kama kijiko kwenye mtungi,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Kisha hatukucheka.
Akaufuta kwa kanga, vizuri, kidole hadi kidole,
vidole visivyokuwa na kucha,
akanirudishia.

Jumanne iliyopita nilikwenda Kongowea.
Jozi nyeusi, ya ngozi, soli haijaliwa.
Nikaivaa yote.
Nikalipa mia nne, peke yangu.
Yule muuzaji akatazama nyuma yangu, huku na huku:
"Mwenzio yuko wapi?"
Nikasema anakuja.

Kiatu cha kushoto kinabana.
Mguu ule hauna hisia, najua,
mtaalamu alinieleza, akaugonga kwa kalamu nisikie.
Kinabana.