Mmoja Huzima

Mkataba unasema fundi; kazi yenyewe ni kulinda ukimya.
Malori ya Malaba yakipita na shehena
ardhi hutetema, na meza yetu inayoelea juu ya hewa
hushtuka kama ng'ombe aliyeguswa na mbung'o.
Basi tunangoja saa nane usiku,
kiwanda cha saruji kivute pumzi,
forodha isinzie,
Tororo ilale ubavu kando ya mwamba wake.

Nazima feni. Nazima friji yenye maziwa ya chai.
Nyafwono anavua viatu.

Koleo lake halina chuma: ni nuru tupu,
nyekundu, nyembamba,
imeubana ushanga wa kioo usioonekana kwa jicho,
na ushangani imening'inia protini ya malaria.
Moja.
Si kijiko, si tone, si takriban.

"Wengine huzipima kwa mabilioni," asema,
"wakarudi na wastani.
Wastani ni karani wa sensa
aliyekunywa chai kwa mwenyekiti
akakiandika kijiji kizima bila kuinuka kitini."

Anavuta,
kwa nguvu isiyotosha kumgeuza chawa.
Mstari unapanda kwenye skrini, unapanda,
mara unaporomoka: mkunjo umefunguka.
Mama yangu alifungua hivyo mshipi wa gomesi
siku tuliyotoka kumzika baba:
mzunguko wa kwanza haraka, wa pili kwa kusita,
wa tatu akaukataa, akalala nao.
Na hii nayo imekaidi mkunjo wa tatu.
Ya jana haikukaidi.
Jina lile lile, umbo lile lile. Muulize karani.

Sasa anaingiza kingamwili, zimepakwa rangi ya kijani,
zilitoka katika damu ya mtoto wa Nagongera
aliyeugua mara tisa, ya kumi ikamshindwa.
Nukta inakuja, inagusa, inaondoka.
Nyingine: nusu sekunde.
Nyingine inashika,
inashika,
Nyafwono anahesabu kwa Kidhopadhola,
lugha anayoikimbilia akiogopa,
kumi na moja, kumi na mbili,

giza.

"Imeachia?"
"Au rangi imekufa, na yenyewe bado imeshika.
Kwa hapa huwezi kujua."
Kisha, bila kuondoa jicho:
"Lakini umeona, Obbo, haikufifia?
Umati hufifia. Mmoja huzima."

Nilitaka kuuliza neno, sikuliuliza.
Lori la kwanza la alfajiri lilikuwa limefika kilimani,
mstari ukarukaruka kama mwenye degedege.
Aliandika daftarini: sekunde kumi na mbili,
akafikiri, akaongeza: angalau.

Nikawasha friji.
Maziwa yalikuwa yameshaganda,
yote, kwa pamoja.