Kumi na Sita kwa Nyamizi

Nyamizi, ndani ya kopo hili la maziwa ya unga
kuna beringi kumi na sita. Zihesabu.
Mbili kila gurudumu, magurudumu manane,
na kati ya kila mbili kuna kibomba kifupi cha kuzitenga.
Usikitupe, kama nilivyokitupa mimi mwaka wangu wa kwanza
nikidhani ni taka za kiwandani.

Ile Jumapili pale Mnazi Mmoja,
lami ikiwa bado na ubaridi wa alfajiri,
uliinua kiatu chako cha magurudumu ukauliza
mbona kinalia kama kifaranga,
ukasema umeshapaka mafuta ya alizeti.
Nami nikasema, "Basi kakaangie chipsi."

Walicheka wote. Gasto alicheka hadi akashika nguzo.
Nikajiona mtu.
Ulifungua kamba moja, ukafungua ya pili,
ukavaa kandambili zako za bluu
ukaondoka, viatu vimening'inia shingoni
vikigongana, ngo, ngo,
mpaka ng'ambo ya Lumumba.

Alizeti hukauka ikawa gundi.
Maneno manne. Nilikuwa nayo mdomoni
nikachagua chipsi.

Sikia sasa habari zangu.
Beringi zangu zilikuwa na tisa imegongwa kwenye kifuniko;
kwa hiyo tisa nililipa Kariakoo
karibu nusu ya kodi ya chumba.
Zikaja mvua za vuli, Jangwani kukawa dimbwi,
nikalipita katikati, kwa mbwembwe, watu wakinitazama,
kisha nikavisukuma viatu uvunguni, wiki nzima, na maji yake.
Kutu haikusoma namba.

Nikaenda Gerezani, duka la vipuri vya mashine,
nikaegemea kaunta kama mjuzi:
"Dada, una kumi na moja? Nataka za kasi zaidi."
Chausiku akaweka kalamu chini.
Nilisubiri kicheko, Nyamizi. Masikio yalishaanza kunipata moto.
Hakucheka.
"Hiyo namba inasema chuma kimechongwa kwa usahihi gani.
Kwa mota inayozunguka mchana kutwa, ni jambo kubwa.
Wewe una miguu. Ngoja nikuonyeshe."

Akachomoa pini kwenye ushungi wake,
akabandua kifuniko taratibu, kutoka ukingoni.
Gololi saba, kila moja na chumba chake
ndani ya kizimba chembamba kama ukucha.
"Hiki kikivunjika," akasema, "zinalana."
Akakifuta kwa kanga, akanirudishia chenji.

Kwa hiyo hizi nimekuchagulia zenye mpira ubavuni, si bati,
maana kwenu Kigamboni mchanga ni ndugu wa karibu.
Si za bei. Nilizungusha moja moja sikioni:
ya kunong'ona nikachukua, ya kukwaruza nikarudisha.

Zikichafuka, bandua mpira kwanza, ufute kwa kitambaa;
ukiulowesha mafuta ya taa utavimba.
Chuma ndicho kiloweke, kwenye kopo hili hili. Tikisa.
Anika juu ya gazeti, kivulini,
na usizipulize zikavuma zikiwa kavu, hata Gasto akikusifu.
Kisha tone la mafuta ya cherehani. Moja.
Mawili ni kulialika vumbi chai.

Wenzetu nimewasimulia ile kumi na moja.
Wamenicheka, haki yao.
Mbwilo bado anabishana juu ya gololi za kauri
ambazo hajawahi kuzishika,
lakini juzi alimwacha mtoto wa Ilala amalize swali lake
kabla ya kumjibu. Nilihesabu: pumzi mbili.

Usiporudi, kopo ni lako hata hivyo.
Utaona beringi moja ina rangi tofauti:
yake niliidondosha mtaroni Buguruni
nikaziba pengo kwa ya kwangu, iliyopona kutu.
Iweke gurudumu la nyuma, kushoto.
Inanguruma kidogo,
ila inazunguka.