Betri Zinachoka

Juu ya kasha, kwa penseli,
mwandiko wa karani wa reli:
Mbigiri, ukumbi wa Makole, Jumamosi, vumbi.
Mwaka haukuandikwa.
Nani alidhani kuna mtu atauliza?

Dakika ya kwanza hakuna muziki.
Kuna mlango.
Mhawi aliiweka tepu rekoda pale mlangoni
maana jukwaani palimwagika bia,
kwa hiyo anayesikika kuliko bendi nzima
ni bawabu Ndahani, anabishana na mtu
juu ya thumni.
Thumni hiyo naijua kuliko ubeti wa kwanza.

Kisha wanaingia, kwa mbali,
roki, walivyoiita wenyewe kwa kujisifu,
kama lori linalotoka Kongwa
na mzigo usiofungwa vizuri.
Besi huisikii; unasikia bati la paa likiijibu.
Gitaa la Chilewa
(spika yake ilichanika, akakataa isishonwe)
linakoroma, linakwaruza,
na shshsh ya kanda imelala juu yake
kama vumbi juu ya zabibu:
unafuta kwa kidole, unakula, bado limo.

Kijana mmoja wa studio, kule Area C,
alinionyesha kwenye kompyuta
vilima vya sauti na mabonde yake.
"Mama, takataka hii naiondoa yote."
Akaiondoa.
Nikavaa hedifoni. Gitaa lilikuwa safi
kama sahani ya hospitali,
na ukumbi ulikuwa umehamwa.
Hakuna thumni. Hakuna yule mwanamke
anayekohoa kabla ya kila kiitikio.
Hakuna treni iliyopiga honi
katikati ya solo, na Chilewa
akaitafuta honi ile kwenye nyuzi, akaikosa,
akaikosa tena,
akaipata.
Vigelegele vilibaki, lakini sasa
walikuwa wanashangilia kitu kisichokuwepo.

Nikamwambia: rudisha.

Upande wa pili una ugonjwa mwingine.
Umeme ulikatika,
gitaa likafa na neno mdomoni.
Ngoma haikuambiwa. Ngoma ikaendelea,
na watu wakaimba wenyewe gizani,
na mashine ya Mhawi, yenye betri zake sita nene,
ikaendelea kunasa
huku betri zinachoka
na mkanda unapunguza mwendo, kidogo, kidogo,
bila mtu kujua.
Ndiyo maana leo, ukiucheza kwa mwendo wa haki,
wimbo unashikwa na haraka,
sauti zinapanda,
makuli wa stesheni na madereva wa malori
wanakuwa wavulana wa darasa la nne,
kisha vichanga, kisha chiriku,
kisha pwii.
Mkanda umekwisha.

"Hapa napanyoosha," akasema kijana.
Akapanyoosha. Sitasema uongo, nililia.
Walirudi wakubwa, na jasho lao.
Na karibu kabisa, karibu kuliko Ndahani,
sauti moja nzito, imechelewa nusu pigo,
haijui maneno,
inaimba "yeye, yeye" mahali pasipo na yeye.
Namjua mtu mmoja tu
aliyechelewa hivyo hata kanisani,
akatuaibisha kila Krismasi
mpaka ile ambayo benchi lake lilikaa wazi.
Alisimama karibu mno na mashine yake, baba.
Miaka yote hiyo nilimsikiliza
nikidhani ni ndege.

Kijana akauliza, nihifadhi ipi?
Zote, nikasema. Hata ile safi,
ingawa sijui ni ya nini.

Mashine yenyewe iko juu ya kabati, Majengo.
Juzi nilifungua mfuniko wa nyuma.
Betri sita bado zimo, zimevuja,
zimeota chumvi ya kijani kwenye chemchemi za waya.
Fundi alisema nizitoe, zinakula chuma.
Nimezitazama.
Nimefunga mfuniko.